Shule Iliyo Ngumu Zaidi

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yameacha kukusumbua na joto la chumba cha pasi halijakumaliza. Mama anaendeleaje na dawa zake? Na mwanao, bado anakataa kwenda shule bila kubebwa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia hata kidogo. Ningekupigia simu, lakini ungenisikia nikilia.

Ulisikia kwa Mama kwamba kampuni inataka kunisomesha biashara. Ni kweli. Mkurugenzi aliniita ofisini, akasema amechoka na karani anayejua kuchapa takwimu bila kujua zinasema nini. Angenilipia masomo ya kutwa, niache kazi kwa muda, kisha nirudi niwe msaidizi wake. Shule nichague mwenyewe kati ya mbili, ila nichague ile ngumu. Alisema hanipeleki kupumzika. Angetaka nipumzike angenipa likizo. Kwa hiyo nikatakiwa kukaa darasani siku moja katika kila shule, halafu nimwandikie ripoti.

Ya kwanza ni ya miaka miwili. Nilipofika niliwakuta wanafunzi ukumbini wanabishana kuhusu mpira, nikajiambia huku ndiko kwangu. Nilijidanganya. Somo la hesabu za fedha pekee lilijaza ubao, ukafutwa, ukajaa tena, na vitabu vya muhula mmoja vingetosha kuzuia mlango usifunguke. Ila wana nafasi. Wanasoma kwa makundi, aliyeelewa humvuta asiyeelewa, mtihani uko mwisho wa muhula, na aliyekosea Jumatatu anaweza kujirekebisha Ijumaa. Kijana mmoja aliniambia ugumu wao ni kama wa kupanda mlima: unachoka, lakini ukitaka kukaa juu ya jiwe hakuna anayekufukuza.

Ya pili ni ya mwaka mmoja, na yale ya miaka miwili wameyashindilia yote humo, kama mtu anayekalia sanduku ili lifungike. Kila asubuhi wanakuja wakiwa wamesoma visa, yaani habari za kampuni zenye matatizo, majina yakiwa yamebadilishwa. Mwalimu humchagua yeyote, bila kumwonya, afungue mjadala. Nusu ya alama inatoka mdomoni, ukinyamaza umefeli. Msichana niliyeketi naye alikuwa amenyoa kipara. Nikamuuliza kwa adabu kama anaumwa, akacheka sana, akasema anaokoa muda wa kuchana nywele.

Wana desturi moja ambayo sikuambiwa: mgeni naye huitwa. Mwalimu alininyooshea kidole, akasema mgeni wetu atufungulie. Kisa kilihusu kampuni ya kuoka mikate yenye matawi matatu, tawi dogo likigharimu zaidi ya mengine kwa kila mkate. Takwimu zilikuwa mbele yangu, nikazing'ang'ania kama mtu anayezama. Nikasema tawi dogo lifungwe na kazi yake ihamishiwe makao makuu. Mwalimu akauliza, na wafanyakazi je? Nikajibu bila kupepesa macho kwamba watapata kazi kwingine. Darasa zima likagonga madawati kunipongeza. Huwezi kuamini nilivyojisikia. Kwa mara ya kwanza maishani sikuogopa watu.

Kipindi kilipokwisha, nikamwona mkurugenzi wetu. Kumbe alikuwa ameketi nyuma kabisa. Akanishika bega, akaniambia kwamba kisa kile amekitoa yeye. Mikate ni mashuka tunayofua. Tawi dogo ni lenu.

Takwimu zile nazichapa mimi kila mwezi. Zilipovishwa jina la mkate sikuzitambua. Ningezitambua, ningejua kwamba ni nusu uongo: mashuka ya hospitali yenye madoa sugu, ambayo makao makuu wameshindwa nayo, huletwa kwenu myafue upya, na gharama huandikwa kwenu. Ninyi si ghali. Mnabebeshwa uchafu wa wengine.

Ripoti nimeiandika. Nimesema ya mwaka mmoja ndiyo ngumu zaidi. Sikuandika kwamba ugumu wake hauko katika kusoma. Uko katika kujibu haraka, kabla hujajiuliza mikate inaokwa na nani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichane karatasi kadhaa. Mkurugenzi aliponiambia kwamba jibu langu linakwenda kwenye bodi Alhamisi, na kwamba nafasi ya shule ni yangu, sikumwambia kuhusu madoa. Sikumwambia kwamba msimamizi wa chumba cha pasi huko ni dada yangu aliyenilea. Nilimwambia asante. Na nilitabasamu.

Jana nilirudi kwake nikatoa yote. Akanisikiliza, kisha akauliza kama ningeyasema hayo laiti mikate ingebaki mikate. Akasema basi niingie mwenyewe mbele ya bodi nilipinge jibu langu. Lakini nikifanya hivyo, nafasi ya shule nimeikosa, maana yeye hasomeshi mtu asiyejua amesimama wapi. Mhasibu, yule tunayemwita Kikokotoo, alinishauri ninyamaze. Alisema dada atakasirika mwaka mmoja, mkurugenzi akikasirika ni maisha.

Nitaingia. Naandika hivyo ili ujue kabla sijabadili nia, maana najijua: watu wazito wakiniuliza swali, hunitoka jibu lolote litakalowafurahisha. Nakuomba uwaambie wenzako leo hii, msingoje kubandikiwa tangazo ukutani. Na kama yupo anayekumbuka mashuka ya hospitali yalianza kuletwa lini, na nani aliagiza, nipigie simu. Nitajikaza nisilie.

Nisalimie Mama, ila usimsomee barua hii. Wasalimie na wenzako wa chumba cha pasi. Lakini salamu zao zishike kwanza mpaka Alhamisi ipite. Nikishindwa kusema, usizifikishe.

Ni mimi mdogo wako,
Karani