Shujaa Aliyefufuliwa kwa Ajili ya Tiketi

Jumapili, Lindi, Kibera

Ati sinema ya leo imevunja rekodi dunia nzima! Njoroge, mwenye ukumbi wetu wa video, ameimba hivyo tangu asubuhi, utadhani ni yeye aliyeigiza. Analala kwake Kawangware kwenye ploti zake za kupangisha; huku Kibera anakuja tu kuchukua pesa za mlangoni.

Mimi ndiye ninayeshika maikrofoni na kuwatafsiria watu sinema. Leo ilikuwa sehemu ya saba ya upuuzi uleule: magorofa yanaanguka, watu wanaruka, hakuna hata anayetokwa na jasho. Katikati, shujaa aliyekufa kwenye sehemu ya sita akaingia akitabasamu.

Mama Akinyi, anayeuza mboga mtaa wa Silanga, akasimama. "Huyu si tulimzika?"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Tulionyesha sehemu ya sita mwezi uleule aliomzika kijana wake, na alilia pale kwenye benchi mpaka nikazima mashine.

"Wamemrudisha, mathe," nikasema kwenye maikrofoni. "Bila yeye tiketi haziendi."

"Wangu hajarudi," akasema, akatoka.

Njoroge akanivuta nje. "Unaniharibia biashara! Kesho unaionyesha sinema hii mara mbili."

"Tafuta mtu mwingine, boss."

Alidhani natania.

Naogopa, sitadanganya. Kazi nyingine sina na kodi ya nyumba inakaribia. Lakini huyo mfu wao, wamtafsirie wenyewe.