Mkoba wa Mama na Pua ya Milo

Jumatatu, asubuhi. Toongabbie, mtaa wetu huku ughaibuni, kuna baridi ya kuumiza masikio, na mimi na mama yangu hatujasemezana tangu jana jioni.

Wacha niseme hapa, maana jikoni siwezi. Namshuku mama yangu mzazi. Namshuku kwamba anamlisha mbwa kwa siri.

Mbwa mwenyewe ni Milo, labrada mweusi wa miezi kumi na moja. Si wangu. Shule ya mbwa wasaidizi ilinipa akiwa wa wiki nane, nimlee, nimfunze adabu, nimzoeshe treni na lifti na kelele za watu, halafu nimrudishe akamalizie mafunzo na kupewa mtu asiyeona. Sheria zao ni nyingi kuliko za wodi ninayofanyia kazi. Hali mpaka nipulize filimbi. Haokoti kitu chini. Na chakula cha binadamu, hata punje ya wali, marufuku.

Mama alifika kutoka Nakuru miezi miwili iliyopita. Siku ya kwanza alikitazama kitanda cha Milo kando ya hita, akatazama koti lake la bluu, akasikia kwamba ana daktari wake, akasema, "Huyu amebakisha kuoa tu." Nilicheka. Sasa sicheki.

Kwa sababu Milo amebadilika. Zamani alikuwa anapita mbele ya bucha bila kugeuza shingo. Siku hizi kila Jumapili Mama akirudi kutoka kanisani, Milo anamfuata hadi chumbani, anakaa mbele ya ule mkoba wake mweusi na kuutazama kama mtu anayesubiri jibu la viza. Mimi nimetoka zamu ya asubuhi, nimechoka, lakini macho ninayo. Alhamisi iliyopita stesheni alinivuta ghafla akitaka mkoba wa bibi mmoja, nusura tuanguke ngazini. Ningekuwa sioni je?

Keshokutwa msimamizi anakuja kumjaribu. Mbwa wa kuvutwa na mikoba haendelei. Anaondolewa kwenye mafunzo, basi, na mtu fulani anayemsubiri anaendelea kusubiri.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Nikaanza kuchunguza. Nilihesabu biskuti. Nilinusa mdomo wa mbwa, mtu mzima mimi, nimepiga magoti sakafuni nanusa mdomo wa mbwa! Nikamuuliza Mama mara tatu, kwa upole wa uongo, kama Milo huwa anamsumbua akila. Akasema hapana. Alivyosema hapana haraka haraka ndivyo nilivyozidi kumshuku.

Jana, Mama akiwa bafuni, niliupekua mkoba wake.

Haki, naandika nikiona aibu. Kwetu mkoba wa mama haufunguliwi. Akikutuma dawa iliyo ndani, unamletea mkoba mzima. Mimi niliufungua nikatia mkono mpaka chini. Biblia, miwani, peremende. Na karatasi ya foili iliyokunjwakunjwa, ina mafuta, inanuka nyama choma. Tupu. Nyuma yangu Milo analamba midomo.

Mama akanikuta hivyo hivyo. Badala ya kuomba radhi nikamuuliza, "Nyama imeenda wapi?" Nikamwambia anamharibia mtu asiyeona macho yake. Nikamwambia huku si kwetu, mbwa wa huku halishwi makombo. Nilisema mengi, sauti juu.

Alichukua mkoba wake, akaufunga zipu polepole. "Nibadilishie tiketi," akasema. "Nirudi kwangu."

Hakula chakula cha jioni. Asubuhi hii nimekuta mkebe wangu wa chakula umeshafungwa, uko mezani kama kawaida, na mlango wa chumba cha Mama umefungwa. Nikautia kwenye begi la kazi. Milo akaja, akakaa mbele ya begi langu, akalikazia macho. Nikamvuta kwa hasira. Tayari sasa ni mikoba yote!

Na bado nasema ni yeye. Nyama haitoki kwenye foili ikatembea.

*

Saa saba mchana, chumba cha mapumziko kazini.

Jamani.

Nimefungua mkebe. Mbuzi choma na ndizi za kukaanga. Furaha, mwenzangu wa wodini, Mkongomani anayesali kanisa moja na Mama, akachungulia na kupiga makofi.

"Ee! Ni nyama yetu ya jana hii!"

Nikamwambia hapana, Mama amepika. Akanicheka. "Kila siku ya Mungu, Jumapili, tukimaliza kula, mama yako anaomba ya kubeba. Anaweka mu sakoshi yake ile nyeusi. Anasema, ni ya mutoto wangu, anatumika sana ku kazi, hana wakati ya kupika."

Nikaweka kijiko chini.

Juma lile la kwanza ni mimi niliyemkanya. Nilimwona akifunga kuku kwa foili baada ya ibada, nikamnong'oneza, "Mama, huku watu hawabebi chakula, utaniaibisha." Nilimwambia hivyo mwanamke ambaye hajawahi kutoka harusini wala matangani bila kipande cha mtoto aliyebaki nyumbani. Ndiyo maana akawa anaficha. Ndiyo maana foili ilikuwa tupu. Nyama ilikuwa imeshahamia kwenye mkebe wangu, ndani ya friji, na mimi kila Jumatatu nakula na kujisifu hapa kwamba mama yangu anajua kupika ndizi.

Aliyekuwa akilishwa kwa siri ni mimi.

Milo hakusema uongo hata mara moja. Jumapili alikaa mbele ya mkoba wenye nyama, na leo asubuhi akakaa mbele ya begi lenye nyama. Mimi ndiye niliyesoma vibaya. Bado ana kasoro, kweli, na keshokutwa anaweza kushindwa. Kama Mama atakubali, jioni tutauweka ule mkoba sakafuni, nyama ikiwa ndani, na kumpitisha Milo mbele yake mpaka ajifunze kuuacha. Kama atakubali. Tiketi siigusi.

Lakini kinachoniumiza si Milo. Ni kwamba leo asubuhi, baada ya kuitwa mwongo na binti yake, baada ya kulala njaa, aliamka kabla yangu akanifungia chakula.

Nimekila chote, machozi yakidondokea humo humo, na Furaha akijifanya anatafuta chumvi.

Sasa nitaanzia wapi kumwomba msamaha mtu ambaye nikifungua tu mlango, hata kama amenikasirikia, ataniuliza kwanza kama nimekula?