Kijiboksi cha Kijani Kwenye Jicho la Marehemu

Jumanne. Mvua imekatika, jua limegoma kutoka, na mimi nina baridi ya shingoni ambayo sweta haiondoi.

Kwanza ijulikane anayeandika hapa ni nani. Bila mimi nusu ya Kigali isingekuwa na sura. Shule niliiacha mapema, lakini hapa Rwezamenyo, ambako wananiita Tonton, mjomba wa wote, hakuna uso ambao haujapita mbele ya lenzi yangu. Kule Kibagabaga niliwahi kupiga harusi nzima umeme umekatika, kwa mwanga wa meno ya bwana harusi tu. Waliokuwepo wanajua.

Wiki hii mpwa wangu Diane, mwenye studio Gisimenti, ameniazima kamera yake mpya na taa moja ya kisasa, nijaribu.

Taa nimeikubali. Haichomi kama zile zangu za zamani, zilizokuwa zinawatoa maharusi jasho mpaka poda inashuka. Hii inawaka kimya, na ukiivalisha boksi lake la kitambaa cheupe, mwanga unamfikia mtu taratibu kama wa dirishani.

Kamera ndiyo sijui niseme nini. Inatafuta jicho la mtu yenyewe. Ikilipata, inaliwekea kijiboksi cha kijani na kuling'ang'ania.

Leo asubuhi alikuja Mama Aline, jirani yangu tangu tulipotoka Bujumbura. Jumamosi wakwe wanakuja kumposa binti yake, na binti anataka mlangoni iwekwe picha ya baba na mama yake wakiwa pamoja. Picha hiyo haipo. Baba alikufa kwa ajali Aline akiwa bado tumboni, akaacha picha moja ndogo ya kitambulisho.

Kazi ya namna hii ina utaratibu wake. Picha ya marehemu naikuza mpaka kichwa kinalingana na cha mtu mzima, naiweka kwenye stendi, begani kwa aliye hai, halafu nasoma kivuli cha pua. Chake kilianguka kulia, kwa hiyo taa nikaiweka kushoto. Lazima wote wawili wapate mwanga mmoja.

Nikachungulia. Kijiboksi kilikuwa kwenye jicho la mume.

Nikasogea. Kikabaki. Nikazima, nikawasha. Kikabaki. Mama Aline alikuwa ukungu mtupu, marehemu anang'aa kama amenyolewa leo.

Najua, mashine haitofautishi picha na mtu. Diane alinieleza. Lakini Diane hakuwepo chumbani.

"Vipi, Tonton? Si ulisema wewe iko profesa wa kamera?"

"Mumeo amekataa kupisha," nikajibu, na kicheko changu hakikutoka vizuri.

"Hata akiwa hai ilikuwa hivyo. Akiingia mahali, watu wote wanaangalia yeye."

Nikachukua kitambaa nikamfunika mume. Kijiboksi kikamrukia mke papo hapo, lakini uso wake ulikuwa umezimika. Hakuna taa ya kuwasha uso ule.

"Mufunue," akasema. "Walishamufunika mara moja. Inatosha."

Nikamfunua.

Mama Aline akamgeukia mumewe. Akamwambia kwa Kirundi, polepole, kwamba mtoto wake anaposwa Jumamosi, na kwamba yeye mwenyewe amechoka kuwa baba na mama. Halafu akaitazama lenzi.

Kijiboksi kikamwacha mume. Kikahamia kwake, kama mtu anayempisha mwenzake kiti.

Nikabonyeza.

Picha imetoka. Wako wawili katika mwanga mmoja, yeye na mvi zake, mumewe bado kijana, na ukimtazama mama utadhani ameitwa jina lake sasa hivi. Aline ataiweka mlangoni.

Mchana kutwa nimewaambia watu wa mtaa mzima jinsi nilivyoivizia ile sekunde kijiboksi kilipohama. Diane amepiga simu kuuliza nimefanyaje, nikamwambia ni uzoefu, mwanangu, haununuliwi dukani.

Hapa niandike ukweli. Kijiboksi kilipohama nilifumba macho yote mawili, nikamwita mama yangu, na kidole kikabonyeza chenyewe. Aliyeiona picha kwanza ni Mama Aline. Ilibidi aniambie nifumbue.