Kitenzi cha Mwisho cha Bwana Daktari Zapletal

Jumatatu, 6 Novemba
Zapletal anaondoka Ijumaa. Anastaafu, anahamia mji wa Olomouc kwa bintiye. Kaniambia huku anakoroga kahawa, macho chini. Miaka yote hii tunaandika kamusi ya asili ya maneno ya Kislavi, vyumba vyetu vimetenganishwa na ukuta mwembamba, na bado ananiita Bibi Daktari, nami Bwana Daktari. Jioni nimekula supu ya jana. Nimesimama tu jikoni, hata kiti sikuvuta.

Jumanne, 7 Novemba
Tumebakiwa na kitenzi kimoja: *žьdati, kungoja. Kinyota mbele, maana mababu wa Waslavi hawakutuandikia kitu. Tunakisia kwa kutazama lugha za wajukuu. Ubishi! "Nangoja" yao ilikuwa židǫ au žьdǫ? Mimi nashikilia ya kwanza, yeye ya pili. Ati mimi mbishi kuliko marehemu mama mkwe wake! Nikacheka mpaka nikakohoa.

Kisha tukaingia kwenye asili. Binamu zetu wa lugha, Walithuania, wana neno la ukoo huo huo, na kwao ni kutamani. Akasema polepole: basi, Bibi Daktari, zamani kungoja na kutamani lilikuwa jambo moja. Nikajifanya natafuta miwani. Nilikuwa nimeivaa.

Alhamisi, 9 Novemba
Růžena wa mapokezi kanivaa mchana. Ati hamjaitana majina mpaka leo? Mtazikwa na ubwana na ubibi wenu! Nikamwambia mkubwa ndiye hutangulia kutoa jina, tena yule ni bosi wangu. Mimi nijipendekeze?

Akapiga meza kofi. "We mama, we! Mwanamke ndiye hutangulia. Mwanamume akianza yeye, anaonekana hana adabu. Mzee wa watu kaniuliza Krismasi iliyopita, hivi nimemkosea nini Bibi Daktari?"

Kumbe kila mtu kakaa kwake na adabu zake! Nimelia kwenye tramu, nimejificha kwa skafu.

Ijumaa, 10 Novemba
Sherehe imekwisha. Vipande vidogo vya mkate na saladi ya viazi, hotuba ndefu ya mkurugenzi. Kwetu kuacha ubwana na ubibi ni jambo dogo: mnagonganisha glasi, kila mmoja anataja jina lake, yamekwisha. Nilishindwa mbele za watu. Nimekimbilia chumbani kwangu na glasi mbili za mvinyo.

Hedvika. Nalitamka jina langu peke yangu, Hedvika — nyumbani hakuna wa kuliita tangu mama afe. Upande wa pili namsikia anaburuta maboksi. Naogopa. Akikataa je? Na akikubali, halafu kesho yuko Olomouc?

Kagonga! Anasema amekuja kuaga, bintiye yuko chini na gari.

Nimemjibu, "Ngoja kidogo, Bwana Daktari."

Yuko nje ya mlango, anangoja. Na mimi hapa, naandika!