Mashine ya Osmundi na Ndoo Yangu

Jumanne. Mtaa wetu wote wa Lizaboni umefunikwa na ukungu, mifupa inauma, na hasira ninazo.

Tangu niteleze bombani nikavunjika mkono, mwanangu Osmundi aliyeko Dar hanipi raha. Amesema kwenye simu kwamba akija Jumapili akakuta siwezi kujitwisha ndoo ya maji mwenyewe, tunafunga nyumba, nakwenda kukaa kwake. Ghorofani, nitazame kuta. Mimi niliyezaa sita na kulima kwa mkono huu huu.

Mkono ulipounga, ili nipate nguvu alinitumia mashine ya mazoezi, mtumba wa Ulaya, ikashushwa kwenye basi kama jeneza. Ina kiti, waya, na vyuma vimepangwa kama matofali. Unakaa, unavuta, chuma kinapanda. Wiki tatu nimevuta. Nilianza na chuma kimoja nikafika vinne, nikaringa mtaa mzima.

Jana nikaenda bombani na ndoo yangu. Niliinua mpaka kifuani, ikayumba, maji yote yakanimwagikia. Wanawake wakakimbilia kuniokotea ndoo. Afadhali wangecheka.

Jirani yangu Mama Ponsiana ndiye aliyesema: "Mama Osmundi, ile mashine inakushikia mzigo. Ndoo nani atakushikia?"

Nilimjibu vibaya. Halafu nikarudi nyumbani nikawaza.

Ni kweli.

Chuma cha mashine kina njia yake, hata ukivuta kijinga kitapita hapo hapo. Maji hayana njia. Yanakwenda huku, nawe unayafuata kwa mkono, kiuno na shingo.

Basi leo nimetia mchanga kiasi kwenye vidumu viwili vya mafuta ya kula, nimevinyanyua mpaka juu ya kichwa. Kila asubuhi nitaongeza kikombe. Kwenye mashine nimeanika vitenge.

Nimechoka. Kalamu inaruka mistari. Na sijamwambia mtu kwamba naogopa. Siogopi Dar. Naogopa kutwishwa. Mwanamke akishaanza kumsubiri wa kumtwisha ndoo, atasubiri kufanyiwa na mengine yote.

Maria, mjukuu wangu, wewe unayeyapeleka haya kwenye mtandao, usinipambie maneno. Nimesema nilivyosema.

Jumapili Osmundi atanikuta bombani, ama mkavu ama nimelowa. Lakini ukingo wa ndoo yangu hataushika mtu.