Mashimo Sita Niliyochimba Uwanjani Mwao

Mama Nekesa wangu,

Leo nimevaa lile koti la kahawia ambalo ulisema linanifanya nifanane na karani aliyefutwa kazi. Kamati ya zahanati imeniita niseme maneno machache mbele ya watu, na unanijua, nikisimama mbele ya watu nasahau hata jina langu. Kwa hiyo nimeyaandika, na nimeyaandika kwako. Watakaosikia watasikia. Kuna jambo ulistahili kulisikia kutoka kinywani mwangu ukiwa hai, nami kwa kiburi changu nikalimeza mpaka ukaondoka.

Unakumbuka tulivyofika mtaa wa Satellite na godoro moja na sanduku lililofungwa kwa kamba, miaka ya themanini ikiwa bado michanga. Mimi nikapata kazi ya ufundi wa stima katika duka la Bwana Harjit kule mjini. Wewe ukachukua mundu, ukaanza kukata nyasi katika ule uwanda ulio nyuma ya zahanati, huko Uthiru, na kuwauzia watu wenye ng'ombe. Wanawake wa huko walibeba mizigo yao mgongoni kwa ukanda wa kichwa. Wewe ukabeba kichwani kama kwetu Bungoma, wakakucheka wiki nzima, mpaka walipoona unapita juu ya mtaro bila kushika mzigo na bila kuangusha hata unyasi mmoja. Baada ya hapo walikuita jina lako.

Nekesa alizaliwa katika zahanati hiyohiyo. Koroboi ilizimika kwa kukosa mafuta, na Sista Wairimu, yule muuguzi, akakuzalisha huku ameshika tochi kwa meno. Mimi nilikuwa nje ya dirisha nikisikia kila kitu na nisione lolote. Nyaya za stima zilikuwa zinapita pale barabarani, zikaelekea kwa wengine. Siku ile niliapa kwamba mikono yangu ndiyo itakayoleta taa katika chumba kile. Nataka watu wajue hili kwanza, ili wasidhani nilichofanya baadaye nilikifanya kwa ubaya.

Bwana Harjit alipoanza kuleta paneli za sola, wateja walizishika kama vioo vya kujitazamia na kuuliza zinawashwa wapi. Mimi nilizipenda tangu siku ya kwanza. Marafiki wa kanisa wakakubali kuinunulia zahanati paneli za kutosha taa, friji ya chanjo na pampu ya kisima. Sharti lilikuwa moja tu. Ziwe zimesimama katika wiki mbili, la sivyo zingepelekwa zahanati nyingine iliyokuwa ikisubiri. Kila mtu aliuonyesha kidole ule uwanda wako. Ni tambarare, hauna mti, jua linaupiga kutwa. Watu walianza kuuita shamba la jua kabla sijachimba hata shimo.

Usiku huo ulinipakulia ugali na sukuma, ukakaa mbele yangu, ukaniambia pale ndipo wanapocheza wale ndege weusi wenye mikia mirefu. Nikakujibu kwamba ndege wana mabawa, watahama. Ukaniuliza wahamie wapi, Kangemi? Ulikuwa umewaona wakicheza Kangemi tulipofika, na umeona nyumba za mawe zikiota juu ya nyasi zile hadi hakuna aliyebaki. Nilikwambia mtoto ni bora kuliko ndege. Uliondoa sahani, na mimi nikadhani nimeshinda. Mwanamume akiachiwa neno la mwisho na mkewe anapaswa kuogopa, lakini hilo nilikuwa sijajifunza.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Bwana Harjit aliniambia kuna mpima ardhi atakayetangulia kuweka alama za mahali pa nguzo. Nilipofika asubuhi na sururu na nguzo, nikaziona alama. Katikati ya nyasi ndefu kulikuwa na maduara yaliyokanyagwa vizuri, kila moja upana wa ungo wa kupepetea, na katikati ya kila duara kimeachwa kishungi kimoja cha nyasi kilichosimama wima. Nikamsifu mpima yule moyoni. Nikasema hapa leo nimempata mtu anayejua kazi. Nikang'oa kishungi cha kwanza, nikachimba. Nikang'oa cha pili. Kufikia saa tano nilikuwa na mashimo sita, na ninapiga mluzi.

Mpima hakuwa amekanyaga pale. Alikuja kesho yake, akaomba radhi kwa kuchelewa.

Wewe ulifika nikiwa naelekea duara la saba. Uliutua mzigo wa nyasi polepole, ukatazama mashimo yangu moja baada ya jingine, kisha ukaenda ukaketi katikati ya duara lile, juu ya kile kishungi, na mundu wako mapajani. Sikuwahi kukuona na uso ule.

"Baba Nekesa, hizi duara si za mpima. Ni wao wametengeneza, kila mmoja na yake, wanakanyaga siku mingi ndio wapate mahali ya kuchezea. Hii ukichimba, utanichimba na mimi."

Nilicheka. Nilikuambia hakuna ndege anayeweza kupima duara hivyo. Hukubishana nami. Ulisema tu nije kesho kabla jua halijachomoza, na nisivae viatu vya kazi.

Nilikuja nikiwa na hasira, nataka jambo liishe. Ulinilaza kifudifudi katika nyasi zilizolowa umande, mimi fundi mzima, shati langu likalowa mpaka kwenye kitovu. Nilikuwa karibu kuinuka nikaenda zangu. Ndipo wa kwanza akaruka. Mweusi kama masizi, mkia umepindwa kuelekea kichwani, miguu inapiga hewa, akapaa juu ya nyasi na kushuka, akapaa tena na kushuka palepale. Kisha mwingine, na mwingine, uwanda mzima unarukaruka. Na wale majike wadogo wa rangi ya nyasi kavu wamekaa pembeni wanawatazama kwa makini, kama mama mkwe aliyekuja kukagua nyumba.

Halafu nikamwona mmoja wa wale niliowabomolea. Alitua kwenye shimo la kwanza nililochimba. Akazunguka ukingoni. Akaruka mara moja, akatazama mahali kishungi chake kilipokuwa, akazunguka tena. Mama Nekesa, sijui ndege huwaza nini. Najua mimi niliwaza nini. Niliona haya, na nilishukuru kwamba uso wangu ulikuwa kwenye nyasi.

Lakini haya haiwashi taa. Siku zilikuwa zinakimbia, na chumba cha kuzalia bado kilikuwa giza. Nilikwambia sasa umenifunga, nikichimba nabomoa, nisipochimba wanawake wataendelea kuzaa kwa tochi. Ukaniuliza swali ambalo mimi mwenye cheti sikuwa nimejiuliza. Ukataka kujua kama jua linahitaji nyasi.

Ulikuwa umeshaona mahali. Nyuma ya choo cha zahanati kulikuwa na lile shimo pana walikochimba murramu, ule udongo mwekundu wa kutandaza barabarani, ambako hata magugu hayakuota. Nikasema ni mbali, umeme wa sola ni mdogo, ukisafiri kwenye waya mrefu unachoka njiani. Nilidhani hapo nimekukomesha. Uliondoka ukihesabu hatua zako kutoka ukingo wa murramu hadi dirisha la chumba cha kuzalia, kisha ukarudi ukihesabu kutoka uwandani hadi dirisha lilelile. Murramu ilizidi kwa hatua kumi na mbili tu. Nilirudia kuhesabu kwa miguu yangu, nikapata kumi na moja. Nilikuwa nimebisha kwa mazoea tu.

Kilichobaki kilikuwa waya nene zaidi, na waya nene alikuwa nayo Bwana Harjit. Alikuja mwenyewe na pikapu yake, kilemba kimenyooka, sura ya mtu aliyekuja kumfukuza fundi. Nilianza kujieleza, ukanikatiza. Ukamwomba avue viatu. Sitasahau hadi nife, yule mzee amelala kwenye umande kando yako, kilemba chake kikiwa juu ya nyasi kama ua, na kila ndege akiruka yeye anacheka kimyakimya mabega yanatikisika. Alipoinuka alijipangusa magoti, akanigeukia na kuniita kwa jina langu.

"Barasa, mimi naweza pata paneli ingine. Hii hapa mimi siwezi agiza kutoka mahali yoyote. Kuja duka, chukua waya."

Tulimaliza siku mbili kabla ya muda. Paneli zikasimama juu ya murramu, zimetazama jua, na nyasi zote zikabaki upande wa pili. Sista Wairimu hakutaka kungoja jioni. Alifunga pazia la chumba cha kuzalia mchana wa saa sita, akatuingiza gizani, akabonyeza swichi. Ukapiga vigelegele mpaka wagonjwa wakaja kuchungulia. Nekesa alikuwa mgongoni mwako, akainyooshea taa mkono. Nilitimiza kiapo changu, na hakuna aliyefukuzwa kwao ili nikitimize.

Baada ya hapo watu walinipa jina. Fundi wa Jua. Nilipopita Dagoretti Corner walinipungia mkono. Waliponiuliza ni nani aliyewaza kuziweka kwenye murramu, nilitikisa kichwa kwa unyenyekevu wa uongo na kuwaacha wafikirie watakavyo. Wewe ulikuwa umesimama hapohapo. Adhabu yako ilikuwa moja. Ulinirudisha uwandani nikafukia mashimo yangu sita kwa mikono na kupanda kishungi katikati ya kila moja. Matano yakashika. La kwanza likakataa. Kila mvua nilipanda, kila kiangazi kikakauka, nawe kila mwaka ulikuja kulitazama na kusema, "Hiyo moja bado inakungoja, Baba Nekesa." Nilijua inangoja nini. Sikusema.

Ni miaka miwili sasa tangu uuache mundu wako nyuma ya mlango. Zahanati imekua, ina wodi ya akina mama, na paneli za zamani hazitoshi. Mwezi uliopita alikuja mhandisi kijana na ramani safi, na kwenye ramani uwanda wako ulikuwa umejaa vijisanduku vya paneli. Kijana ana adabu, hana kosa, hata mimi ningechora hivyo. Sikubishana naye. Nilienda nikaketi katikati ya duara, na magoti haya unayoyajua. Nekesa, ambaye sasa amenipita urefu, akaketi katika la pili. Kisha wakaja wale wanawake waliokucheka zamani, wamezeeka, kila mmoja na mundu wake, wakaketi katika maduara yao. Kijana akauliza tunataka nini. Nikamwambia avue viatu, aje kesho kabla ya jua.

Alikuja. Paneli mpya zimepanda juu ya paa la wodi, ambalo lina mbao imara kuliko lile la zamani, na akina mama wanazaa kwenye taa nyeupe. Leo kamati imetia sahihi. Uwanda haujengwi, na nyasi hazikatwi mpaka makinda yaruke, kama wewe ulivyokata siku zote bila sahihi ya mtu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nasema mbele ya watu wote hawa, na koti langu la karani. Murramu lilikuwa wazo la Mama Nekesa. Hatua alihesabu yeye. Mimi nilichimba mashimo.

Asubuhi hii kabla ya kuja hapa nilipita pale kwenye shimo la kwanza. Kishungi nilichopanda mvua iliyopita kimesimama kijani, na nyasi zimekanyagwa kukizunguka, duara zuri, upana wa ungo. Nilivua viatu, nikalala na koti langu. Alikuja, akapinda mkia, akaruka. Umeshinda, mke wangu. Lala vizuri, sisi huku tunalinda.

Ni mimi mumeo, wa kichwa kigumu,
Baba Nekesa