Kanisa la Kusko ni la Nani

Salma mjukuu wangu, hapa Maskati sote wazima. Dadako kajifungua wa kike. Unauliza kutoka huko Kusko, Peru, kanisa la Wahispania lililojengwa juu ya kuta za Wainka ni la nani?

Tulipohamia mtaa wa Sidab, hapa Maskati, kutoka Unguja, mwaka wa sitini na tano, nilikuwa msichana mwenye haya, nnaogopa Kiarabu changu kisije kikachekwa. Jirani akagonga mlango, nikamwambia, "Karibu!" Kwa Kiarabu hiyo ni "si mbali" tu.

Akaduwaa. "Karibu na nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama akacheka, "Karibu na moyo, dada! Ingia!"

Kesho yake jirani akaita mwenyewe mlangoni, "Karibu!" akaingia. Neno lilitoka kwao, likarudi limegeuka, akalifanya lake.

Basi nnakujibu bila wasiwasi: ni la wajukuu wa Wainka wanaoingia humo leo; kama neno lile, mawe yalitoka kwao, nao wameyafanya yao tena. Nawe wasalimie, hata Kihispania kikikukwama.

Bibi yako